Kifua cha Ndege wa Matete

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako chenye mguu uliofungwa waya, miguu juu ya kigoda, na magoti yako yamekubali kupatana nawe walau kwa leo. Mimi huku ni mzima wa afya, tena mzima kupita kiasi, hadi naona haya mbele ya majirani. Kama bahati ingekuwa mvua, Dada, mdogo wako ningekuwa nimelowa mpaka soksi. Operesheni ya macho imefanikiwa. Daktari aliponifungua bandeji, neno la kwanza nililomwambia ni kwamba shati lake limekosa kifungo. Akajitazama, kweli, halina. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje kushuhudia, wakasimama wote wawili mbele yangu kama watu waliookota almasi. Walikuwa wameniambia kilichopotea hakirudi; kwangu kimerudi, tena na riba. Sasa hivi naona mpaka sisimizi akipiga mwayo.

Nikujulie hali kwa utaratibu, maana nakufahamu: ukisoma barua isiyokujulia hali unaiweka chini na kusema mtoto huyu hakulelewa, halafu unakumbuka aliyemlea ni wewe. Shemeji hajambo? Bado anaigombeza redio wakati wa taarifa ya habari, kana kwamba msomaji atanyamaza amsikilize? Na yule jogoo wako mwenye kiburi, bado anawika saa anayotaka yeye? Wajukuu nawabusu wote, hata yule anayeuma.

Usishangae kuona barua imepigwa chapa. Mdogo wako siku hizi ana katibu. Mimi niliyeacha shule bila kuaga, nakaa kwenye benchi nimekunja nne, nasema, na mwanamke wa watu anachapa. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mpiga chapa mstaafu wa ofisi ya mahakama. Mtaa mzima unamwita Mama Nukta, kwa sababu anapenda nukta kuliko anavyopenda watu. Nikivuta pumzi tu, ameshaweka nukta. Mashine yake ameiweka barazani, na watu wanamjia na barua zao za kuomba kazi, za kulalamikia mabomba, za kuposa. Ana sharti moja alilotoka nalo mahakamani na hajapata kulivunja: karatasi haitoki mashineni mpaka aisome yote kwa sauti mbele ya mwenye barua, na mwenye barua aseme kwa kinywa chake, “Ndiyo, ni maneno yangu.” Usiposema, karatasi inabaki pale pale, hata ikeshe. Kama maneno yenyewe ni ya kweli au ya uongo, hilo hajiingizi. Anasema kazi yake ni kuchapa, si kuamini.

Barua yako ya mwisho niliipata. Ulisema kama macho hayatapona utapanda basi mwenyewe, na magoti yako hayo hayo, uje unikunje kama mkeka, unipeleke kwako, unikalishe ukutani, unilishe, unifulie, na nisiguse kitu maisha yangu yote yaliyobaki. Najua ni mapenzi yaliyosema vile. Wewe umezoea kunibeba tangu ukiwa na mgongo wa kitoto. Lakini nilipoisikia ile barua, nilikuwa kama mtu aliyeambiwa amekufa na jeneza linakuja kwa basi la asubuhi. Nina kazi sijaimaliza, Dada, na kazi yenyewe haifanyiki mtu akiwa ameegemezwa ukutani.

Kazi yenyewe ni mashairi. Usicheke. Nimesema usicheke. Basi cheka, halafu urudi hapa.

Chanzo ni wewe, kwa hiyo lawama tugawane. Unakumbuka lile bwawa nyuma ya kiwanda cha matofali, pale walipochimba udongo wakaacha shimo, mvua ikaingia, matete yakaota bila ruhusa ya mtu? Mama alikuwa akitutuma maji, wewe na ndoo, mimi na kopo. Tukifika unaniambia nilale kifudifudi ndani ya matete, unanishika kola ya shati nisitumbukie, kisha unaninong'oneza nisipumue kwa mdomo. Tunalala hapo mpaka jua linatuchoma visogo. Na yule ndege mdogo anatoka. Anashika tete moja kwa miguu yote miwili, tete linapinda, yeye anapiga mluzi wake wa kushuka, kama gurudumu la kisima lisilotiwa grisi. Tukirudi na maji nusu, mama anauliza kama tulikwenda kuchota au kunywa. Watu wengine walirithi mashamba. Mimi nilirithi kola iliyotanuka.

Tangu hapo nikawa hivyo hivyo mpaka uzeeni. Wewe unanijua wa nyumbani, wa barabarani hunijui, ngoja nikusimulie. Nimeendesha malori ambayo ukisimama mbele huoni mwisho wake. Nimevuka mipaka ambayo askari wake wananitambua kwa kikohozi. Nimekunywa chai na majambazi, na walilipa wao. Lakini muulize dereva yeyote wa njia ile kama anamjua mdogo wako, atakuuliza yupi. Mwambie Breki, atacheka kabla hajajibu. Jina hilo sikulipata kwa kuokoa watu mlimani, ingawa niliwaokoa, hilo nitakusimulia siku nyingine. Nililipata kwa sababu nilikuwa nafunga breki kwa kila kiumbe. Kobe akivuka, Breki kasimama. Mti umechanua baada ya mvua ya kwanza, Breki kapaki, kashuka, yuko chini yake na kofia mkononi kama mtu aliyekwenda kuposa. Siku moja nilisimamisha lori zima la nyanya kwa ajili ya vipepeo weupe. Walikuwa wanavuka barabara kwa wingi, utadhani kuna ofisi huko juu inachana karatasi zake zote. Utingo wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akakaa kwenye bampa akaniuliza tunangoja nini. Nikamwambia tunangoja wapite. Akasema nyanya nazo zinapita. Alikuwa na haki, tulifika na mchuzi. Tajiri wa malori alikuwa akisema kwamba Breki ana mizigo miwili, mmoja wake yeye na mmoja wa Mungu, na siku zote unaofika salama ni ule wa Mungu.

Kwa kuwa walionifuata nyuma walikuwa wakinipigia honi na kunitukania wazazi, nilimwendea fundi rangi akaniandikia ubao wa nyuma ya lori maneno haya: *Usinipigie honi, napisha kinyonga njia.* Tajiri alitaka pafutwe, paandikwe namba yake ya simu. Lakini wateja wakaanza kuulizia lile lori la kinyonga, akanyamaza. Miaka yote ile sikujua nimeandika nini. Nilidhani nimeandika onyo.

Sasa nikwambie nilivyoshushwa barabarani, maana hili sikuwahi kukueleza sawasawa. Sisi madereva tulikuwa tunapimwa macho kila leseni inapokwisha. Tunakaa kwenye benchi la nje, mlango umeachwa wazi kwa joto, na anayeingia anasoma kibao cha herufi kilichoko ukutani. Sisi wa benchi tunasikia yote. Unakijua kichwa changu: kitu kikipita sikioni mara moja, kimeshapanga chumba. Nikazipanga zile herufi zikawa kama wimbo, nikawafundisha wenzangu, tukawa tunaziimba njia nzima kupunguza usingizi. Nilipoingia mimi, nilisoma mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao hata nesi nadhani alikuwa anauamini tu. Nikagongewa muhuri. Mwaka uliofuata vile vile. Nilijiona mjanja kuliko serikali.

Kumbe huku nyuma naibiwa. Ugonjwa wenyewe wanauita presha ya macho. Hauumi, haubishi hodi, unaingilia madirisha ya pembeni na kuyafunga moja baada ya jingine, wewe unaendelea kufurahia mlango ulio wazi mbele. Mimi nilichokiona ni kwamba ndege wamepungua. Wale yangeyange weupe wa kandokando ya barabara, nikawa siwapati tena. Nikalaumu dawa za mashambani. Nilisimama kwenye mgahawa wa madereva nikatoa hotuba juu ya binadamu anavyoiharibu dunia, watu wakapiga makofi, mmoja akaninunulia soda. Na ndege walikuwepo, Dada. Walikuwa wamesimama kwenye matope yao wakiniangalia ninavyopita.

Mpaka mwaka ule nesi mgeni alipopanga upya chumba chake. Nikaingia, kifua mbele, nikaziimba herufi zote bila kosa, tena kwa madoido. Nesi akaniuliza kwa upole, “Baba, unasoma wapi?” Nikamnyooshea kidole ukutani. Akasema, “Ile ni kalenda.”

Daktari alipoitwa hakucheka. Wenzangu wa benchi walicheka hadi wakashika nguzo, lakini yeye alivuta kiti akanieleza taratibu kwamba kama angenipata mapema, dawa ya matone ingetosha, na sasa alichobakiwa nacho ni kujaribu kulinda kidogo kilichosalia. Nikatoka pale na leseni nimeiacha mezani. Niliuza macho yangu kwa wimbo wa herufi, na wimbo wenyewe haukuwa hata na maana. Hayo yamepita, kama nilivyokwambia juu.

Nilipokuwa nyumbani bila usukani, mikono haikujua pa kukaa. Nikawa nakaa barazani nasema. Namsimulia anayepita, asipopita mtu nausimulia ukuta: mwezi unavyoonekana juu ya ardhi ya chumvi, nzige wakitua kwenye waya za simu, harufu ya barabara mvua inapoanza kuipiga. Mama Nukta upande wa pili alikuwa anachapa barua za watu, na nadhani barua mbili tatu za maombi ya kazi ziliondoka na nzige ndani yake. Siku moja akaacha kuchapa. Akaniambia, kwa ile sauti ya mtu aliyewasomea wengi hukumu zao, kwamba ama ninyamaze, ama nikae karibu aandike, kwa sababu maneno yangu yanamharibia nukta zake.

Nikakaa karibu. Ndipo akanieleza kwamba mashairi ya watu wa zamani yana mizani, nane upande huu na nane upande ule. Nikamuuliza nane za nini. Akagonga meza kwa kidole, akauhesabu ule mstari wa kinyonga: nane, na nane. Hazikupungua, hazikuzidi. Dada, miaka yote ile nilikuwa naendesha shairi bila leseni.

Tangu siku hiyo nimeshika kazi. Wewe hujui dereva anavyopima upepo wa matairi, nikueleze. Hapimi kwa kutazama, kutazama kunadanganya. Anachukua chuma, anazunguka lori, anagonga moja moja. Tairi lenye upepo linakirudisha chuma mkononi, linalia vizuri. Lisilo na upepo linakimeza, linasema *bu*. Mimi na mistari yangu ni vivyo hivyo. Chuma changu ninacho bado, benchi ni la mabati, nagonga kila silabi, na mstari ukisema *bu* naufungua upya hata kama Mama Nukta ameshauchapa na kuupenda. Beti la kinyonga lilinichukua siku nyingi, nikalala nalo, nikaamka nalo, na sasa limekamilika hivi:

*Usinipigie honi, napisha kinyonga njia,*
*Amevaa la majani, joho lililotulia,*
*Hana haraka yakini, hatua ajipimia,*
*Nawe mbio zako nini, mwisho sote twafikia.*

Soma tena kwa sauti, mgongee na shemeji silabi zake kwenye kiti. Halilii?

Nikalipeleka kwenye mgahawa wa madereva, pale pale nilipotolea hotuba. Wakanipokea kama ulivyotarajia. Mmoja akasema Breki ameishiwa mizigo sasa anabeba vina. Mwingine akauliza kama nitawasomea na ile kalenda. Nikawaacha wacheke wamalize, maana mimi mwenyewe nimewacheka watu wengi pale na deni hulipwa. Kisha nikasimama nikayasema yangu, la kinyonga, la vipepeo, la kobe. Kwa la kobe vijiko vilikuwa vinagonga vikombe. Kwa la vipepeo vilinyamaza. Nilipokaa chini, dereva mmoja mkubwa wa mwili, asiye na mzaha na mtu, akaja akaniinamia. Akasema yeye alishawapita wale vipepeo, mahali pale pale, mwaka ule ule, na hakusimama. Akaomba mstari wa kuandika nyuma ya lori lake. Na wengine wakafuata. Leo hii yapo malori barabarani yenye maneno yangu mgongoni, Dada, yanavuka mipaka bila mimi, na askari wanayasoma wakati wanagonga mihuri. Hili si la kujisifu. Basi, ni la kujisifu, lakini ni la kweli.

Kwa hiyo nimeamua. Kila nilichokiona kwa macho haya nitakipa beti lake, kimoja kimoja, na kila kimoja kiwe kama kilivyokuwa. Nimebakiza mto uliofurika hadi ukabeba daraja, mvua ya mawe, ule mwezi wa kwenye chumvi ambao kila nikiufunga unanifungukia. Watu wanasema ungeanza ukiwa kijana. Ukiwa kijana unaona vitu, huna haja ya kuviandika, vipo. Nimeanza sasa, na sasa ndiyo nitamaliza.

Lakini kuna mmoja amenikwamisha, na huyo ndiye wa kwanza kabisa. Yule wetu. Tazama:

*Ndege wetu wa matete, sauti yaniitia,*
*Jichole mfano pete, kando lakuangalia,*
*Kifuani ni . . . . . . , hapa ndipo nakwamia,*
*Dada shika nisipite, majini kutumbukia.*

Umeona hapo penye shimo? Sikumbuki kifua chake. Sauti ninayo, namna alivyolishika tete ninayo, hata harufu ya sabuni kwenye mkono wako uliokuwa shingoni mwangu ninayo. Kifua hakuna. Nimekaa nacho kama lori lililozama kwenye matope, nikikanyaga mafuta linazidi kuchimba.

Nimeulizia hapa mtaani, maana nyuma ya tangi la maji kuna matete na ndege wa aina yake analia kila asubuhi. Fundi viatu akasema kifua ni cha njano. Mke wake akasema mbona ndege mwenyewe ni mweusi mwili mzima. Muuza maji, anayepita pale kila siku na mkokoteni wake, akauliza ndege gani. Nikagundua hakuna mtu hapa aliyewahi kumtazama, wamemuona tu. Wewe ulimtazama. Mama Nukta, aliyechoka kukaa na karatasi yenye shimo, akaniambia niweke *Kifuani ni yoyote*, mizani inatimia, kina kinatimia, twende mbele. Na kweli nilipogonga, inatimia. Nilitafuta jibu zuri nikalipata. Nikamwambia mimi nimewadanganya askari wa barabarani, nimewadanganya matajiri, nimemdanganya mpaka nesi mpole, lakini ndege sijawahi kumdanganya, na sitaanzia uzeeni.

Basi nakuomba, Dada. Kifua cha yule ndege kilikuwa na rangi gani? Usinikisie. Kaa kwenye kiti chako, mwambie shemeji azime redio, rudi kule bwawani, ulale kifudifudi, umtazame, halafu uniandikie.

Hapa nilidhani barua imekwisha. Nilikuwa nimebakiza salamu za mwisho na kutaja jina langu tu. Mama Nukta akavuta kiti chake, akaanza kuisoma kwa sauti kama sharti lake lilivyo, tangu shikamoo. Mimi nikawa nasikiliza, nimeshika kile chuma, nagonga benchi kidogo kidogo kwa mazoea tu. Alipofika kwenye kile kifungo cha daktari, mkono ukasita. Alipofika kwa sisimizi anayepiga mwayo, nikalisikia. *Bu*. Aya zote za katikati zililia vizuri, Dada, nyanya na vipepeo na kalenda, zote zina upepo. Ya kwanza ilimeza chuma.

Akasoma mpaka kwenye swali langu. Akavua miwani, niliisikia ikigusa meza. Akasema, “Kazi yangu ni kuchapa. Lakini dada yako si mpumbavu. Ndege analia nyuma ya tangi kila asubuhi. Mtu anayeona sisimizi akipiga mwayo, anaandikia mji wa mbali kuuliza rangi ya ndege wa nyuma ya nyumba?”

Mdomo huu umenivusha mipaka mingi, umenitoa mikononi mwa watu wenye mapanga. Safari hii nikaendelea kugonga benchi tu. Akaniuliza sasa, kama alivyokuwa akiwauliza watu wa mahakamani, “Ni maneno yako?” Karatasi ikabaki mashineni. Akaingia ndani akapika, akala, akatoka, mimi niko pale pale.

Nimekaa nikapima. Nikiuacha mwanzo wa barua kama ulivyo, hutakuja kunikunja, nitabaki na benchi langu, lakini swali langu litakuwa limevaa nguo za mtu mwingine, na wewe utanijibu kwa mzaha, njano au nyekundu, kwa sababu utajua naweza kwenda kujionea. Nikiutoa, utakuja na mkeka. Na beti la kwanza la maisha yangu haliwezi kuandikwa kwa mzaha. Nikamwambia Mama Nukta afute aya ya juu. Akasema mashine yake haifuti. Mahakamani hawakuwa wanafuta, walikuwa wanaongeza chini. Basi tunaongeza chini. Nikamwambia achape lile neno lenyewe, akaondoa mikono mashineni. Akasema hilo niliandike kwa mkono wangu, yeye atanishikia rula nisipande juu ya mstari.

Nitaliandika. Kabla ya hapo sikiliza lingine, na hili amelichapa yeye ili lisomeke vizuri. Ukutani sikai. Chumba changu nakijua kwa viganja, baraza naijua kwa hatua, kazi yangu haihitaji zaidi ya masikio, chuma, na mwanamke mwenye nukta nyingi. Njoo ukitaka kuja. Tena njoo, na magoti yako, nitakufanyia nafasi kwenye benchi. Lakini mkeka wa kunikunjia uuache huko. Ukifika, asubuhi yake tutakwenda nyuma ya tangi, tutalala kifudifudi kwenye matete, wazee wawili, watu wapite waseme tumerukwa na akili. Wewe utatazama, mimi nitasikiliza. Utanishika kola. Kisha utaniambia kifua kina rangi gani, na tutajua kama ni yule yule.

Msalimie shemeji, mwambie redio haina kosa lolote. Wasalimie wajukuu, na jogoo umwambie aendelee na ratiba yake. Mama Nukta anakusalimu, anasema angependa kukuona, na hapo ameweka nukta kwa nguvu mpaka meza imetikisika. Mungu akuweke.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, mtunzi wa barabara kuu,

Breki

Dada, huu ni mkono wangu, rula kashika yeye, na ile “Ndiyo” yake nimeshaisema. Kile kifungo cha daktari nilikitunga. Ile bahati yote ya pale juu ni uongo. Macho hayakupona. Sioni.